Kuhudhuria Matukio ya Sanaa na Mazingira katika Makaburi ya Mount Auburn: Mwongozo Kamili

Shangazi yangu alipokuja kututembelea Lowell, Marekani, kutoka Muheza, nilimwambia kwamba Jumamosi asubuhi tutakwenda kuangalia ndege. Akajitanda kanga juu ya koti, akabeba chupa ya chai. Tulipofika mbele ya lango kubwa la mawe, akasimama.

"Mwanangu, haya si makaburi?"

"Ndiyo, Shangazi. Ni makaburi."

Akainua uso, akayasoma polepole maneno yaliyochongwa juu ya lango, kisha akayatamka kwa Kiswahili bila kutafuta neno: "Nayo mavumbi kuirudia nchi kama yalivyokuwa, nayo roho kumrudia Mungu aliyeitoa." Mhubiri 12:7. "Haya, tuingie," akasema. "Lakini tupige hodi."

Tangu siku hiyo sijaingia Mount Auburn bila hodi ya Shangazi. Kila ninayempeleka humuuliza kwanza: unakwenda kutazama tukio, au unakwenda kuwatembelea wenye mahali? Anayekwenda kutembelea huona mengi zaidi, na hatua zote zilizo hapa chini zimetoka huko.

Kwanza, pajue mahali penyewe

Mount Auburn pako kwenye mpaka wa Cambridge na Watertown, jimbo la Massachusetts, Marekani. Wengi hupaita pa Cambridge, ingawa sehemu kubwa ya ardhi iko Watertown. Ni ekari 175 za vilima, mabonde, maziwa madogo na maelfu ya miti, na makaburi yametawanyika katikati yake.

Miaka ya 1820 Boston ilikuwa ikizika watu wake katika viwanja vilivyojaa na katika vyumba vya chini ya makanisa. Jacob Bigelow, daktari aliyekuwa pia mtaalamu wa mimea, alitaka wafu wapelekwe nje ya mji, chini ya miti. Alishirikiana na Chama cha Bustani cha Massachusetts, na tarehe 24 Septemba 1831 mahali pakawekwa wakfu. Umati ulikaa kwenye miteremko ya bonde linaloitwa hadi leo Consecration Dell, na Joseph Story, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, akahutubia akiwa chini bondeni. Mfano wao ulikuwa makaburi ya Père Lachaise ya Paris, iliyofunguliwa mwaka 1804. Wakati huo miji ya Marekani haikuwa na bustani kubwa za umma, kwa hiyo watu walikuja kutembea, kusoma na kutazama sanamu. Baadaye, miji mingine ilipoanza kudai bustani zake, mapenzi ya watu kwa makaburi ya namna hii yalikuwa sehemu ya sababu.

Nalieleza hili kwa kuwa wageni wengi hudhani muziki, michezo ya kuigiza na matembezi ya ndege ni mambo ya kisasa yaliyobandikwa juu ya makaburi. Sivyo. Waanzilishi walikuwa watu wa mimea, na walitaka walio hai waje. Hata njia zimepewa majina ya miti na maua. Lakini watu bado wanazikwa humo mpaka leo. Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, na ndiyo maana hodi inahitajika.

Chagua msimu kabla ya kuchagua tukio

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanafungua kalenda, wanaona tarehe iliyo wazi kwao, wananunua tiketi. Mount Auburn pa Aprili na pa Oktoba ni kama nchi mbili. Jiulize kwanza unataka kuona nini.

Mwishoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Aprili ni wakati wa salamanda. Kiumbe huyu anafanana na mjusi, ni mweusi, ana madoa ya manjano mgongoni, urefu wake kama wa kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole. Karibu mwaka mzima anakaa chini ya ardhi, chini ya majani na mizizi. Usiku wa kwanza wenye mvua na joto kidogo baada ya baridi, anatoka na kushuka bondeni hadi kwenye kidimbwi cha Consecration Dell kutaga. Anakitaka kidimbwi kisicho na samaki, kwa sababu samaki wangekula mayai. Ukitazama vizuri kwenye maji siku zinazofuata, utaona mafungu ya mayai yamenata kwenye vijiti, mfano wa ngumi ya ute. Hakuna anayeweza kukupangia usiku huo wiki tatu kabla. Mvua ndiyo inayoamua. Kwa hiyo tukio lolote la salamanda lichukue kama ahadi ya kwenda kujifunza, usidai kumwona. Usishuke bondeni peke yako nje ya njia: miguu yako ndiyo hatari kubwa kwake.

Mei ni ya ndege, na kama una siku moja tu katika mwaka, chagua Mei. Ndege wanaohama kutoka kusini husafiri usiku. Kukipambazuka wanatazama chini na kuona paa na lami kila upande, na katikati kuna kisiwa hiki cha kijani. Wanashuka. Wakati huohuo mialoni inachanua, viwavi wanaanguliwa kwenye majani machanga, na vindege wadogo wala wadudu wa jamii ya wobla wanakuja kwa makumi kuwafuata. Wiki mbili za kwanza za Mei ndizo kilele. Nenda mapema kadiri lango linavyoruhusu, usiku wa jana yake ukiwa na upepo wa kusini ni bora zaidi. Klabu ya ndege ya Brookline, iliyoanzishwa mwaka 1913, ina desturi ya kuongoza matembezi humo, na wenyeji wa makaburi nao wana yao.

Usinunue darubini ya bei kubwa kwa safari ya kwanza. Ya 8x42 (inayokuza mara nane) ya kuazima inatosha. Simama kwanza, sikiliza, tafuta kwa macho matupu tawi linalotikisika, kisha inua darubini bila kuondoa macho pale. Mtu anayezungusha darubini angani kama anayetafuta mawimbi ya redio hatoki na kitu.

Jambo moja kuhusu bundi. Wapo Mount Auburn, wakubwa, na miaka mingine huzalia humo. Kwetu wengi bundi ni ndege wa nuksi, na bundi wa makaburini ndiyo kabisa. Shangazi alipoonyeshwa mmoja juu ya msonobari alinishika mkono kwa nguvu. Baada ya dakika tano ndiye aliyekataa kuondoka. "Ana uso wa mtu mzima," akasema. Ukileta mgeni wa nyumbani, mwandae mapema kwa bundi.

Kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo zaidi majira ya muziki, maigizo na matembezi ya historia. Tangu mwaka 2014 makaburi yamekuwa yakikaribisha wasanii wakazi, yaani msanii anapewa muda mrefu wa kufanya kazi humo na kutengeneza kitu kinachotokana na mahali hapo. Wa kwanza alifanya kazi ya video na sauti, aliyefuata alikuwa mtunzi wa muziki. Mwaka 2019 ilikuwa zamu ya mwandishi wa tamthilia: aliandika maigizo mafupi, yale ya viumbe na mimea yakachezwa Juni, yale ya watu waliozikwa humo yakachezwa Septemba. Watazamaji hawakukaa kwenye viti vya ukumbi. Walitembea kutoka onyesho moja hadi jingine, na waigizaji walisimama palepale panaposimuliwa. Ukikuta tukio la msanii mkazi kwenye kalenda, lipe nafasi ya kwanza. Huwezi kulipata mahali pengine.

Oktoba, hasa nusu yake ya pili, nenda kwa ajili ya majani. Miti ya mepo, ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, inageuka nyekundu na rangi ya chungwa. Hata usipojiandikisha kwa tukio lolote, siku hiyo imejaa.

Desemba, karibu na usiku mrefu kuliko wote, miaka ya karibuni kumekuwa na maonyesho ya mwanga: picha na rangi zinamulikwa kwenye kuta na miti, sauti zinatoka gizani, watu wanatembea kimya. Jua la Boston siku hizo linazama saa kumi na dakika kumi na kitu jioni, na mtu aliyekulia karibu na ikweta anahitaji sana tukio la namna hii. Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda na viatu vya ngozi vya kanisani. Baada ya dakika arobaini sikuhisi vidole vya miguu, nikatoka kabla ya sehemu ya mwisho, na mpaka leo nasimuliwa tu jinsi ilivyokuwa. Buti zenye manyoya ndani, soksi mbili, kofia inayofunika masikio. Usibishane na hili.

Kujiandikisha

Kalenda iko kwenye tovuti ya Mount Auburn. Kuingia makaburini siku ya kawaida ni bure. Matukio mengine ni bure pia lakini yanataka ujiandikishe, mengine yanalipiwa. Yale ya Desemba na yale ya Mei huwahi kujaa, kwa hiyo jisajili kupokea barua pepe zao na ununue siku tangazo linapotoka. Soma maelezo yote mpaka mwisho: umbali wa kutembea, kama kuna miteremko, na nini kitatokea mvua ikinyesha. Mvua ndogo kwa kawaida haizuii matembezi.

Kufika

Kwa wa Boston, panda treni ya Red Line hadi Harvard, kisha basi namba 71 linalokwenda Watertown. Linapita mbele ya makaburi kwenye Mount Auburn Street. Kwetu Lowell, treni inafika North Station, unashika Green Line hadi Park Street, halafu Red Line. Weka saa mbili za safari ili usiingie ukihema. Wenye gari wanaruhusiwa kuegesha pembeni mwa njia za ndani, ila si kwenye majani na si kwenye njia zenye mstari wa kijani. Mwendo wa gari humo ni wa taratibu sana.

Fika dakika tisini kabla ya tukio, upite njia hii

Hii ndiyo hodi yenyewe. Usiende moja kwa moja kwenye tukio. Anzia kituo cha wageni katika kanisa dogo la Story Chapel karibu na lango. Chukua ramani, tumia choo (kwingine ni mbali), na umwombe mhudumu akutilie alama kwenye makaburi nitakayoyataja.

Kabla ya kuondoka langoni, ligeukie. Lilijengwa mwaka 1832 kwa mtindo wa Misri ya kale, lakini kwa mbao zilizopakwa rangi na kunyunyiziwa mchanga zifanane na jiwe. Hili la itale unaloliona ni la 1842.

Panda barabara ya kati hadi kwa Nathaniel Bowditch, mtu wa shaba aliyekaa na kitabu, tufe na ala ya kupimia nyota pembeni yake. Mswahili ana sababu ya kusimama hapa. Bowditch alikuwa wa Salem, na kitabu chake cha ubaharia cha 1802 ndicho mabaharia wa Marekani walichopimia njia baharini. Merikebu za Salem zilifika Unguja, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Zilileta kitambaa tulichokiita merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Merikani ilifumwa katika viwanda vya huku New England. Nathan Appleton, mmoja wa waanzilishi wa viwanda vya Lowell, amezikwa humuhumu. Na pamba iliyolisha viwanda vile ililimwa na watumwa wa kusini.

Sasa panda kidogo hadi kanisa la Bigelow Chapel, ugeuke. Mbele yake amelala sfinksi mkubwa wa itale, yaani simba mwenye kichwa cha mtu, kama wale wa Misri ya kale. Bigelow mwenyewe alimwagiza kwa mchongaji Martin Milmore, na aliwekwa mwaka 1872, Bigelow akiwa na miaka 85, kwa kumbukumbu ya waliokufa upande wa Muungano, yaani majimbo ya kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Maandishi yake yapo kwa Kilatini upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Yanasema kwamba Muungano umehifadhiwa na utumwa wa Waafrika umeangamizwa, kwa kuinuka kwa taifa kubwa na kwa damu ya mashujaa walioanguka. Zunguka pande zote mbili. Chini yake kumechongwa maua ya majini: lotasi la Misri na yungiyungi la Marekani.

Kisha mtafute Harriet Jacobs. Alizaliwa utumwani North Carolina mwaka 1813. Akimkimbia bwana wake alijificha karibu miaka saba katika kijichumba cha darini kwa bibi yake, pasipomtosha mtu kusimama. Alitoroka kwenda kaskazini, akaandika maisha yake, kitabu kikatoka mwaka 1861. Alifariki 1897. Jiwe lake ni la kawaida, na karibu naye wako mdogo wake wa kiume na binti yake. Hapa mimi hukaa muda mrefu kuliko kwingine kote. Ukitoka kwa Appleton, ukapita kwa sfinksi, ukafika kwake, umeipita historia nzima ya uzi wa pamba kwa miguu yako.

La mwisho ni kaburi la Harriot Kezia Hunt, mmoja wa wanawake wa kwanza kufanya udaktari Marekani. Juu yake imesimama Hygieia, mungu wa afya wa Wagiriki, kazi ya Edmonia Lewis, mchongaji mwenye asili ya Kiafrika na ya Waojibwe, wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini. Hunt aliiagiza mwenyewe kabla ya kufa mwaka 1875. Sogea karibu bila kugusa. Hii ni marumaru, na marumaru huliwa na mvua, hasa mvua yenye asidi kutoka moshi wa miji. Mikunjo ya nguo imelainika, uso umefifia kama sabuni iliyotumika. Linganisha na sfinksi wa itale, ambaye bado ana makali. Baada ya kuyaona haya, utasikia tofauti msimuliaji akitaja uhifadhi wa sanamu.

Ukibakiwa na nguvu, panda Mnara wa Washington, wa mita kama 19, uliojengwa miaka ya 1852 hadi 1854. Juu yake unaiona Boston na mto Charles. Msimu wa baridi hufungwa.

Adabu

Hakuna mbwa, hakuna kukimbia mazoezi, hakuna kupiga kambi ya chakula juu ya nyasi. Ile chupa ya chai ya Shangazi tuliinywa nje ya lango, kwenye kituo cha basi. Picha za kumbukumbu ni ruhusa. Za biashara zinaombewa kibali. Usiwachezee ndege sauti zao kwenye simu ili wakusogelee: unawatoa kwenye kula na wamesafiri usiku kucha. Usiegemee mawe, usimpandishe mtoto juu ya sanamu hata kwa sekunde moja ya picha. Mengine yamelegea tangu karne ya 19 na yanaweza kumwangukia.

Ukikutana na maziko, simama. Siku moja tulikuwa watu kumi na wawili tukisikiliza masimulizi, msafara ukatokea. Mwongozaji alinyamaza katikati ya sentensi. Wenye kofia wakavua. Tuliugeukia msafara tukasimama mpaka gari la mwisho likapinda kona, na hata hapo mwongozaji alisubiri kidogo kabla ya kuendelea.

Ndani ya tukio

Kaa karibu na msimuliaji. Sauti hupotea kwenye miti. Zima simu, na usiku usiwashe tochi kali, maana macho ya wenzako yamechukua dakika ishirini kuzoea giza. Taa nyekundu hafifu inatosha. Maswali uliza. Waongozaji wengi ni watu wa kujitolea waliotumia miaka humo, na swali la kweli huwafungulia mambo wasiyoyasema kwa wote. Ukivutiwa, kuna mafunzo kwa wanaojitolea kufuatilia machipukizi, maua na viumbe mwaka hadi mwaka, na huhitaji shahada kushiriki.

Wazee na wenye viti vya magurudumu wabaki kwenye barabara za lami. Consecration Dell kuna mteremko mkali, na ukungu wa asubuhi huyafanya majani kuteleza. Watoto chini ya miaka sita nawapeleka kwenye matembezi ya mchana tu. Wote wachomeke suruali ndani ya soksi kuanzia Aprili hadi Novemba: kupe wa huku wanaleta ugonjwa wa Lyme, nao ni wadogo kama mbegu ya ufuta. Mkifika nyumbani, kagua nyuma ya magoti, kwapani na nyuma ya masikio.

Kama uko mbali na Massachusetts

Philadelphia ina makaburi ya namna hii ya Laurel Hill, tangu 1836. Brooklyn ina Green-Wood, tangu 1838, pana muziki na matembezi, na kasuku wa kijani wamejenga viota kwenye minara ya lango. London ina Highgate, ya 1839. Hatua ni zilezile: msimu, tiketi, kufika mapema, hodi.

Kutoka

Lango hufungwa kwa saa zinazobadilika kufuata msimu. Angalia siku hiyohiyo na uanze kurudi nusu saa kabla. Ukitoka asubuhi ya Mei, kaa kidogo langoni. Kuna ubao ambapo watu huandika ndege waliowaona, na mahali walipowaonea. Shangazi aliniomba kalamu. Akaandika "Bundi", kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na tarehe pembeni.